Kosa dogo la zamani na leseni ya afya: mkazi wa Kisenyi anapaswa kutangaza nini?

Kwa muuguzi, mkunga, afisa tabibu au fundi wa maabara anayetafuta leseni, swali fupi kuliko yote katika fomu ndilo linaloweza kumkosesha usingizi: je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama? Makala hii inaeleza maana ya swali hilo, namna ya kulijibu, na sababu ya jibu la kweli, hata likiwa na aibu ndani yake, kumlinda mwombaji kuliko ukimya.

Kwa ufupi

- Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu tofauti. Soma ni lipi kati ya hayo fomu inaloliuliza.
- Kosa dogo la zamani lisilohusiana na kazi ya afya ni nadra kuwa kikwazo likiwa peke yake. Uongo kuhusu kosa hilo ni jambo jingine kabisa.
- Mwezi Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vifungu vya sheria ya uzururaji ambavyo kwa miaka mingi vilitumika kuwakamata watu mitaani.
- Mkimbizi hapaswi kuomba hati za polisi kwa serikali aliyoikimbia bila kupata ushauri kwanza.

Kwa nini swali hili ni zito Kisenyi

Kisenyi iko katikati ya jiji la Kampala, chini ya kilima cha Old Kampala na jirani na soko la St Balikuddembe, ambalo wengi bado huliita Owino. Wanaishi hapo Waganda wa makabila mbalimbali, jamii kubwa ya Wasomali waliokimbia vita, na Wakongomani. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha dukani, kwenye vituo vya mabasi na katika foleni ya Kituo cha Afya cha Kisenyi, kilicho chini ya Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA.

Mtaa kama huu una shughuli nyingi na askari wengi. Kijana anaweza kukamatwa katika msako wa usiku kwa sababu hana kitambulisho mfukoni. Mama anayeuza nguo kando ya barabara bila kibali anaweza kufikishwa katika mahakama iliyopo City Hall. Mashauri ya namna hii huisha upesi: mshtakiwa anakiri kosa, analipa faini ndogo au anapewa onyo, kisha anarudi nyumbani. Siku hiyo hiyo jambo linaonekana limekwisha.

Ila jalada hubaki. Miaka inapita, kijana yule anasoma uuguzi kwa karo iliyochangwa na ukoo mzima, anafaulu mitihani, na siku anapojaza fomu ya leseni anakutana na swali ambalo hakulitarajia. Hapo ndipo ushauri mbaya hutolewa kwa wingi: "Andika hapana, nani atajua?"

Kukamatwa si kutiwa hatiani

Makosa mengi katika fomu hizi hutokana na kuchanganya maneno. Kuna wanaoandika kuwa wana rekodi ya jinai kumbe hawana, na kuna wanaoandika kuwa hawana kumbe wanayo. Maneno yafuatayo yanafaa kueleweka kabla ya kushika kalamu.

*Kukamatwa.* Polisi wanapomzuia mtu kwa tuhuma. Katiba ya Uganda ya 1995, katika Ibara ya 23, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 ikiwa hajaachiwa kabla. Mtu aliyekamatwa na kuachiwa bila mashtaka hajatiwa hatiani kwa lolote.

*Dhamana ya polisi.* Ndiyo ile ambayo watu wa Kampala huiita bondi. Ni ahadi ya kurudi kituoni siku iliyopangwa, nayo haipaswi kulipiwa. Bondi si hukumu.

*Kushtakiwa.* Hati ya mashtaka inaposomwa mbele ya hakimu. Ibara ya 28 ya Katiba inasema mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe.

*Mashtaka kuondolewa.* Mwendesha mashtaka anaweza kuyaondoa mashtaka mahakamani. Yakiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mtu huachiwa lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Yakiondolewa baada ya hapo, huhesabiwa kuwa ameachiwa huru moja kwa moja. Kwa vyovyote, hajatiwa hatiani.

*Kutiwa hatiani.* Mahakama inapomwona mtu ana kosa, ama baada ya ushahidi au kwa sababu amekiri. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanadhani kwamba kwa kuwa hawakwenda Luzira, hawana hatia yoyote katika kumbukumbu. Faini ni adhabu. Huduma kwa jamii, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2000 kwa makosa madogo, nayo ni adhabu. Hata aliyekiri kosa akaachiwa kwa onyo tu anapaswa kudhani kuwa kumbukumbu ya hatia ipo, mpaka atakapolisoma jalada mwenyewe na kuona kilichoandikwa.

Kwa hiyo fomu ikiuliza "umewahi kutiwa hatiani", aliyekamatwa tu na kuachiwa anaweza kujibu hapana kwa moyo mweupe. Fomu ikiuliza "umewahi kushtakiwa", jibu linaweza kubadilika. Kila neno la swali lina uzito wake.

Uzururaji: kosa ambalo sheria yake imebatilishwa

Baadhi ya rekodi za wakazi wa mitaa ya katikati ya Kampala zinatokana na sheria ya uzururaji. Mizizi yake ni ya mbali: Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wazururaji mwaka 1824, na mawazo yake yakaingizwa katika sheria za makoloni. Kanuni ya Adhabu ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1950, iliyarithi. Chini ya kifungu cha 168, mtu aliweza kushtakiwa kwa sababu alishukiwa kuwa mwizi na hakuonekana kuwa na njia ya kujipatia riziki, au kwa sababu alikutwa akitembea mahali na saa zilizomfanya askari adhani ana nia mbaya. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa kifungo cha miezi 6.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake ya umaskini zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua katika shauri la Francis Tumwesige Ateenyi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwamba vifungu vya 168(1)(c) na 168(1)(d) vinakiuka Katiba, na ikavibatilisha.

Uamuzi huo ni habari njema kwa mwombaji wa leseni, lakini una mpaka wake. Hukumu ya kikatiba haipiti ofisi kwa ofisi ikifuta madaftari ya zamani. Mtu aliyetiwa hatiani chini ya vifungu hivyo kabla ya 2022 asidhani kuwa jalada lake limetoweka lenyewe. Akiulizwa, ataje hatia hiyo, kisha aongeze sentensi moja inayoeleza kuwa kifungu alichoshtakiwa nacho kimebatilishwa. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko kurasa tano za kujitetea.

Jambo jingine la kuangalia ni nambari. Toleo jipya la Sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na nambari za sura na vifungu vingi zimebadilika. Anayenakili kutoka kwenye hati ya mashtaka ya zamani aandike nambari kama ilivyo katika hati hiyo na ataje mwaka, ili msomaji wa baraza asichanganyikiwe.

Kukiri kwa haraka, kujuta kwa muda mrefu

Mahakamani, neno "ndiyo" moja linaweza kumfuata mtu maisha yake yote. Wengi hulitamka ili watoke mapema: wameambiwa na waliotangulia kuwa anayekiri huachiwa jioni, na anayekataa hurudi rumande kungoja tarehe nyingine. Wengine hulitamka kwa sababu hawakuelewa kilichosomwa kwa Kiingereza.

Sheria ina kinga kwa jambo hili. Ibara ya 28 ya Katiba inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Zaidi ya hapo, mahakama za Afrika Mashariki zinafuata utaratibu uliowekwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, lililotoka Kenya. Hakimu anapaswa kumsomea mshtakiwa shtaka na viini vyake vyote katika lugha anayoielewa. Aandike majibu ya mshtakiwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yaliyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyakana. Akiyakana, kukiri kwake kufutwe na shauri lisikilizwe.

Aliyekiri bila utaratibu huu kufuatwa ana hoja ya kisheria. Nchini Uganda, aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe kwa kawaida, ila anaweza kupinga uhalali wa kule kukiri au uhalali na kiwango cha adhabu. Notisi ya rufaa hutakiwa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Muda huo ni mfupi, na ukipita itabidi kuomba ruhusa ya mahakama, kazi inayohitaji wakili. Ndiyo maana anayejua kuwa anaelekea kwenye taaluma ya afya, au ana mtoto anayesomea huko, anapaswa kulichukulia shauri dogo kwa uzito siku lilipo mahakamani, asingoje siku ya leseni.

Nani hutoa leseni, na mwombaji ana haki gani

Nchini Uganda, wauguzi na wakunga husajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 1996. Maafisa tabibu, mafundi wa maabara na taaluma nyingine shirikishi zina baraza lao, na madaktari wa tiba na wa meno wana lao. Maduka ya dawa hupewa leseni na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Mwenye vyeti vya nje anaweza pia kutakiwa kuvipeleka katika Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ili vilinganishwe na vya Uganda.

Vyombo hivi vina wajibu wa kuwalinda wagonjwa. Mgonjwa humkabidhi muuguzi mwili wake, siri zake na dawa zinazoweza kuua zikikosewa kipimo. Ni haki yake kujua kuwa mtu huyo amechunguzwa. Lakini mwombaji naye ana haki. Ibara ya 40 ya Katiba inampa kila mtu aliyeko Uganda haki ya kufanya taaluma yake na kazi yoyote halali. Ibara ya 42 inamhakikishia anayefika mbele ya chombo cha utawala kutendewa kwa haki, na inamruhusu kwenda mahakamani dhidi ya uamuzi wa chombo hicho. Kwa wakimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki ya kufanya kazi, na haki ya mwenye sifa zinazotambuliwa na mamlaka za Uganda kufanya taaluma yake.

Hakuna kati ya haki hizi inayomlazimisha msajili kutoa leseni. Zinachomlazimisha ni kumsikiliza mwombaji kwa haki kabla ya kumkatalia.

Baraza hupima nini

Nchi hutofautiana, lakini mantiki ya wasajili hufanana. Mfano ulioandikwa kwa uwazi unatoka Australia, ambako kiwango cha kitaifa cha kupima historia ya jinai ya wahudumu wa afya kinataja mambo 10. Miongoni mwake ni uzito wa kosa na uhusiano wake na kazi ya afya, muda uliopita, kama ni hatia, au ni shtaka ambalo bado halijaamuliwa, adhabu iliyotolewa, umri wa mhusika wakati wa kosa, mwenendo wake tangu hapo, uwezekano wa kuwa hatari kwa wagonjwa, na maelezo anayoyatoa mwenyewe. Limo pia jambo linalowagusa moja kwa moja watu wa Kisenyi: kama kitendo chenyewe kimeacha kuwa kosa la jinai tangu wakati ule.

Ukiyapitia mambo hayo, utaona tofauti kati ya majalada mawili. La kwanza ni la mtu aliyetozwa faini miaka minane iliyopita, akiwa na umri wa miaka 19, kwa kuuza soksi barabarani bila kibali. La pili ni la mtu aliyetozwa faini mwaka jana kwa kuuza dawa katika duka lisilo na leseni. Faini zinaweza kulingana hata shilingi. Lakini la kwanza halisemi lolote kuhusu usalama wa mgonjwa, na la pili linagusa kiini cha kazi anayoiomba. Wizi wa mali ya mwajiri, kughushi vyeti, ukatili dhidi ya mtu na makosa ya dawa za kulevya huangaliwa kwa jicho kali zaidi, hata adhabu ikiwa ndogo.

Ukimya unavyolea kosa kubwa zaidi

Anayeficha hatia ndogo hujiingiza katika mambo mawili. Kwanza, fomu nyingi huishia na tamko kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli, na baadhi huhitaji hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Kuapa uongo ni kosa la jinai, tena zito kuliko kuuza soksi. Pili, uongo unapogunduliwa, swali mbele ya baraza hubadilika. Halijadili tena faini ya zamani. Linajadili kama mtu huyu anaweza kuaminiwa kujaza chati ya mgonjwa kwa ukweli.

Wako pia wanaoogopa kiasi cha kutoomba leseni kabisa. Wanabaki kwenye duka la dawa la ndugu, wanachoma sindano, wanazalisha majumbani, na wanalipwa kidogo kwa sababu mwajiri anajua hawana pa kwenda. Kufanya kazi ya uuguzi bila usajili ni kosa. Hivyo hofu ya jalada dogo lisilohusiana na afya humwongoza mtu kutenda kosa linalohusiana na afya moja kwa moja, na siku atakapokamatwa, rekodi yake itakuwa imepata kikwazo cha kweli. Anayeumia zaidi katika mpango huo ni mgonjwa wa mtaani, ambaye hana njia ya kujua nani anamhudumia.

Jinsi ya kuandaa tamko

1. *Tafuta jalada kabla ya kujaza fomu.* Nenda katika masjala ya mahakama iliyosikiliza shauri ukiwa na jina ulilotumia wakati huo, mwaka, na nambari ya shauri ukiwa nayo. Omba nakala iliyothibitishwa ya kumbukumbu na hukumu. Tafuta na risiti ya faini.

2. *Omba cheti cha mwenendo mwema pale kinapohitajika.* Nchini Uganda hutolewa na Kurugenzi ya Interpol ya Jeshi la Polisi, baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Jihadhari na madalali wanaoahidi cheti "safi" kwa malipo ya ziada.

3. *Usikifanye cheti kuwa jibu.* Shauri dogo la siku moja huenda halikuingia katika hifadhi ya alama za vidole. Cheti kisicho na doa hakimwondolei wajibu mtu anayeulizwa kama amewahi kutiwa hatiani. Swali linamhusu yeye, na analijua jibu.

4. *Soma swali kama lilivyoandikwa.* Linauliza hatia tu, au mashtaka pia? Linahusu Uganda, au nchi yoyote? Lina kikomo cha miaka? Pale lisipoeleweka, uliza baraza kwa maandishi na utunze jibu lao.

5. *Andika maelezo mafupi.* Nusu ukurasa unatosha: lini, wapi, kosa gani, adhabu gani, imetekelezwaje, na nini kimefuata tangu hapo.

Maelezo ya namna hiyo yanaweza kusomeka hivi: "Mwezi wa … mwaka …, nikiwa na umri wa miaka 19, nilishtakiwa katika Mahakama ya … kwa kosa la kuchuuza bidhaa bila kibali. Nilikiri kosa na kutozwa faini ya shilingi …, niliyoilipa siku hiyo. Nakala ya kumbukumbu ya mahakama na risiti zimeambatishwa. Tangu wakati huo sijashtakiwa kwa kosa lolote, na nimehitimu mafunzo ya uuguzi mwaka …" Yaandikwe kwanza katika lugha ambayo mwombaji anaimudu, kisha yatafsiriwe kwa Kiingereza na mtu anayeaminika, ili lisije likaingia neno zito kuliko tukio lenyewe. Kulaumu askari, hakimu au jirani hakumsaidii mwombaji, hata pale lawama inapokuwa ya haki.

6. *Tunza nakala ya kila kitu.* Swali hili hurudi: wakati wa ajira, wakati wa kuhuisha leseni na wakati wa kuhamia nchi nyingine. Majibu yasiyolingana kati ya fomu mbili huzua shaka hata pale ambapo hakuna jambo baya.

Mkimbizi na polisi wa nchi aliyoikimbia

Wasajili wengi hutaka hati ya polisi kutoka kila nchi ambako mwombaji ameishi akiwa mtu mzima. Kwa Msomali au Mkongomani aliyekimbia, ombi hilo linaweza kuwa hatari kwake au kwa jamaa waliobaki nyuma, na kuwasiliana na serikali ya nchi yake kunaweza kuzua maswali kuhusu hadhi yake ya ukimbizi.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976, ulikwisha kuliona tatizo hili. Ibara yake ya 25 inazitaka nchi zilizomhifadhi mkimbizi kumsaidia kupata hati ambazo kwa kawaida mgeni angezipata kwa mamlaka za nchi yake. Mahali pa kuanzia ni idara ya wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, na kuliuliza baraza mapema kama litakubali hati ya kiapo mahali pa cheti kisichopatikana.

Ibara ya 31 ya mkataba huo huo inahusu kuvuka mpaka bila kibali. Mkimbizi aliyetoka moja kwa moja mahali pa hatari, akajitokeza mbele ya mamlaka bila kuchelewa na kuonyesha sababu ya msingi, hapaswi kuadhibiwa kwa kuingia kwake. Aliyewahi kushtakiwa kwa jambo hilo anapaswa kulitaja pale anapoulizwa, akiambatisha uthibitisho wa hadhi yake ya ukimbizi.

Kwa wanaohamia ng'ambo

Wahudumu wa afya wanaotoka Kampala kwenda nchi nyingine, iwe kwa kazi au kwa mpango wa makazi mapya ya wakimbizi, hukuta maswali mapana zaidi.

Nchini Australia, "historia ya jinai" katika sheria ya usajili wa wahudumu wa afya ni pamoja na kila hatia, kila kukiri kosa na kila shtaka, ndani au nje ya nchi, hata lile lililokwisha muda wake chini ya sheria nyingine. Aliyekaa Uganda au Kenya kwa miezi 6 mfululizo au zaidi akiwa na umri wa miaka 18 na kuendelea huhitaji uchunguzi wa kimataifa kupitia wakala aliyeidhinishwa na shirika la usajili, Ahpra. Na wajibu hauishi siku ya kusajiliwa: anayeshtakiwa kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, au anayetiwa hatiani kwa kosa lenye adhabu ya kifungo, ana siku 7 za kuijulisha bodi yake.

Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayoruhusu hatia nyingi za zamani kusahauliwa, lakini taaluma za afya ziliwekewa utaratibu wa pekee mwaka 1975. Tangu 2013 baadhi ya hatia na maonyo madogo ya zamani huondolewa katika taarifa hata kwa taaluma hizo, na kanuni zililegezwa zaidi Novemba 2020. Hivyo mtu mwenye jalada lilelile anaweza kulazimika kulitaja Sydney na asilazimike kulitaja London. Nchini Uganda, mwombaji asitegemee kuwa miaka imemfutia hatia aliyoipata akiwa mtu mzima; Rais ana mamlaka ya kusamehe chini ya Ibara ya 121 ya Katiba, lakini hiyo si njia ya kila siku kwa mtu aliyetozwa faini ya soksi.

Wapi pa kupata msaada

Mradi wa Sheria za Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere una ofisi Old Kampala, si mbali na Kisenyi. Chama cha Mawakili cha Uganda kina huduma ya msaada wa kisheria, na chama cha mawakili wanawake, FIDA Uganda, nacho huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa. Anayekwenda huko achukue hati ya mashtaka au nambari ya shauri, kitambulisho chake na fomu anayotaka kuijaza. Wakili hawezi kumshauri mtu kuhusu swali ambalo hajalisoma.

Ambao kosa lao lilitokea kabla hawajatimiza miaka 18 wapate ushauri kabla ya kuandika lolote. Nchini Uganda watoto hawawajibiki kijinai kabla ya miaka 12, na mashauri ya walio juu ya umri huo yana mahakama yake ya familia na watoto na utaratibu wake.

*Makala hii inatoa maelezo ya jumla na haichukui nafasi ya ushauri wa wakili. Kanuni na fomu za usajili hubadilika. Hakikisha na baraza husika kabla ya kutuma maombi.*